Euphrasie na Tausi Aliyetoweka

Siku Euphrasie alipoanza kazi ya bustani kwa Papa Modeste, kule Muhumba mjini Bukavu, alionyeshwa ndege mkubwa wa buluu akitembea juu ya majani kama mgeni wa heshima, akaambiwa kwamba yule ni tausi. Hakubisha. Ilikuwa siku yake ya kwanza na kazi aliihitaji. Lakini moyoni alisema hawa watu wa mjini wamedanganywa, kwa sababu tausi yeye alimjua, na hakuwa hivyo.

Kwao ni Shabunda, ndani kabisa ya misitu, mahali ambapo mtu wa Bukavu hufika kwa ndege ndogo ya mizigo au hafiki. Baba yake, mzee Barthélemy, alichimba dhahabu wakati wa kiangazi na kutega wanyama wakati wa mvua. Masista wa misheni waliwafundisha watoto kwamba kuna ndege katika msitu wao anayeitwa tausi wa Kongo, ambaye haishi porini katika nchi nyingine yoyote duniani. Barthélemy aliposikia hivyo alicheka, akasema yule anamfahamu tangu zamani, na asubuhi moja akamchukua binti yake kwenda kumwona. Walijilaza nyuma ya gogo mpaka magoti yakafa ganzi. Kisha dume likatokea. Kivulini lilionekana jeusi, lakini lilipopita penye mwali wa jua likawaka buluu na zambarau, na kijani mabegani. Shingoni lilikuwa na ngozi tupu nyekundu, na kichwani nywele nyeupe ngumu zilizosimama wima kama brashi. Mkia wake ulikuwa mfupi, bila macho wala mapambo. Nyuma yake alikuja jike, mwekundu wa udongo, mgongo ukimetameta kijani. Walikuwa wawili tu. Baba alimnong'oneza kwamba dume hili halimwachi mke wake, na kwamba jike hutaga mayai mawili au matatu juu, penye tundu la mti uliovunjika, huku mume akilinda chini.

Hayo ndiyo aliyoyajua Euphrasie alipoingia Bukavu, mjane wa miaka thelathini na sita, na binti zake wawili. Mume wake alifunikwa na udongo katika shimo la dhahabu. Kwa miaka miwili aliuza sombe, majani ya muhogo, sokoni Kadutu, mpaka mama mmoja wa kanisa akampeleka kwa Maman Yolande, mke wa Papa Modeste. Watu walishangaa mwanamke kupewa bustani, lakini Maman Yolande alisema wanaume wawili waliomtangulia waliacha saladi zikauke huku wakisikiliza redio, kwa hiyo yeye hana la kushangaa.

Tausi wa nyumba ile walikuwa watatu, dume mmoja na majike wawili. Rafiki wa Papa Modeste, aliyekuwa akihama nchi, ndiye aliyewaacha. Walikuwa tausi wa asili ya Uhindi, na hakuna mtu pale aliyewajua vizuri. Euphrasie alijifunza kwa kuwatazama tu.

Kwanza aligundua kwamba ule mkia wenye macho si mkia. Ni manyoya marefu yanayoota mgongoni, na mkia wenyewe uko chini yake, mfupi, wa rangi ya vumbi. Dume linapotaka kujionyesha, mkia ule mfupi ndio unaoyasukuma manyoya marefu yasimame, kama fito zinazotegemeza paa. Majike hawakuwa na urembo huo. Walikuwa wa rangi ya ardhi kavu, tumbo jeupe, shingo yenye kijani kidogo, na kishungi cha vijinyoya vyembamba vyenye vichwa, utadhani mtu amewachomeka pini.

Mwezi wa sita wa mwaka wa kwanza, dume lilianza kudondosha manyoya yake marefu, leo matatu, kesho saba. Euphrasie aliyaokota akayaficha ndani ya gunia nyuma ya kibanda cha majembe. Siku tatu alikuwa na hofu kwamba ndege anakufa mikononi mwake, au kwamba watasema amemnyonyoa. Mwishowe akapeleka gunia jikoni, akaliweka mbele ya Maman Yolande, akangoja. Maman Yolande alimweleza kwamba kila mwaka yanapukutika yote na kuota upya, akamwambia achague mazuri awapelekee binti zake.

Chakula chao nacho alikisoma. Asubuhi aliwapa mahindi na mtama. Yaliyobaki walijitafutia wenyewe: kumbikumbi baada ya mvua, panzi, konokono, mijusi. Siku moja aliona dume likimdonoa nyoka mdogo migombani mpaka akatulia, na tangu hapo alilisamehe mengi, hata lile kosa la kula saladi changa. Jioni wote watatu waliruka mmoja mmoja mpaka kwenye mti mkubwa wa grevilea karibu na lango, wakalala juu kabisa.

Langoni alikaa Papa Zagabe. Alikuwa sentinele, mlinzi wa nyumba ile, kwa miaka kumi na moja, mtu wa Walungu, mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Yeye na Euphrasie walikula pamoja mchana. Hawakuongea sana. Aliyemaliza kwanza alimchotea mwenzake maji.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, Euphrasie alifika kazini akakuta ndege wawili tu. Jike mkubwa hakuwepo. Alizunguka bustani mara tatu, akachungulia kwenye choo cha nje na ndani ya tangi la maji, na alipokuwa akizunguka mara ya nne Papa Modeste alitoka akielekea kazini, akauliza kuna nini.

Ubaya ni kwamba wiki ile ile mbuzi wa jirani, Papa Guy, alikuwa ameibwa. Guy alisimama kando ya ukuta akasikia habari, na hakuwa mtu wa kunyamaza. Alisema Jumapili jioni alimwona Zagabe akitoka na gunia begani, na ndani mlikuwa na kitu kizito. Alisema hivyo mbele ya fundi wa bomba na wanawake wawili waliokuwa wakipita njiani.

Euphrasie alisema lile gunia lilikuwa la avoka, yaani maparachichi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeziokota chini ya mti akampa. Papa Modeste alimsikiliza, lakini usoni ilionekana kwamba anamhesabu kuwa rafiki anayemtetea rafiki. Alikuwa mwalimu wa sheria chuo kikuu, mtu wa haki kwa maneno yake mwenyewe, na pengine hilo ndilo lililomfanya aharakishe. Alimgeukia Zagabe akamwambia arudi nyumbani mpaka Jumamosi. Ndege akionekana, vizuri. Asipoonekana, kazi imekwisha na yeye atapeleka malalamiko polisi.

Zagabe alivua kofia yake.

"Miaka kumi na moja, Papa," alisema. "Kama ningekuwa mwizi, ungekuwa ulishajua."

Kisha akachukua redio yake na koti, akafungua lango mwenyewe, akalifunga nyuma yake taratibu kama alivyolifunga siku zote.

Siku ile Euphrasie hakula mchana. Kesho yake vile vile. Kwa upande mmoja alijilaumu kwa zile avoka. Kwa upande mwingine alijua kwamba kama kuna mtu Muhumba nzima anayeweza kumpata ndege yule ni yeye, maana hakuna mwingine aliyekuwa akimtafuta akiwa hai. Wengine wote walikuwa wakitafuta mwizi. Yeye aliwaza kwamba ni msimu wa kutaga. Jike anayetoweka ghafla msimu wa kutaga huenda amekwenda kutaga.

Basi akatafuta kama baba yake alivyomfundisha: juu. Alitegemeza ngazi kwenye mti wa avoka, kwenye mwembe, kwenye kila mti wenye tundu au tawi lililokatika. Alitazama juu ya paa la gereji. Akakumbuka pia kwamba dume hulinda karibu na kiota, kwa hiyo Jumanne mchana kutwa alilifuata dume kwa macho, akitarajia kwamba mahali litakaposimama kwa muda mrefu ndipo jike alipo. Dume halikusimama popote. Lilizunguka majani, likafungua manyoya yake yote, likayatikisa mpaka yakalia kama mvua juu ya bati, likimchezea yule jike wa pili, ambaye alikuwa akidonoa mahindi bila hata kulitazama. Jumatano ikawa hivyo hivyo.

Jumatano jioni, akiosha miguu kwenye bomba, Euphrasie alilitazama tena dume lile na jambo likamwingia. Dume hili halikuwa na habari na mke aliyepotea. Halikumtafuta, halikumlilia, halikulinda kitu. Yule wa msituni asingefanya hivyo. Kama mume huyu hafanani na yule, na mke naye huenda hafanani. Siku mbili nzima alikuwa akimtafuta tausi wa Shabunda ndani ya bustani ya Muhumba.

Alhamisi hakupanda ngazi. Alichukua sinia ya maharage, akakaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, penye chombo cha chakula cha ndege, akaanza kuchambua. Aliwaza kwamba mama anayelalia mayai anakula, hata kama ni mara moja kwa siku. Kuku hufanya hivyo. Asubuhi jike hakuja. Yapata saa nane mchana, wale ndege wawili wakijipumzisha kivulini, majani ya ndizi yalitikisika na jike mkubwa akatoka mbio, manyoya yametutumka, akala mahindi kwa pupa kama mtu aliyeacha chungu motoni. Akanywa maji. Akajigaragaza kidogo vumbini.

Euphrasie aliendelea kuchambua maharage. Mawe aliyokwisha kuyatoa aliyarudisha kwenye maharage bila kujua, lakini hakuinuka. Jike alipomaliza hakuelekea alikotoka. Alipita mbele ya gereji, akasimama, akajifanya anadonoa, akazunguka nyuma ya tangi, na hapo akapotea. Euphrasie alisubiri, kisha akaenda, hakuona kitu. Hata hivyo alirudi kwenye kigoda chake akahema kwa nguvu. Ndege yu hai. Hakuna aliyeibwa. Alitamani kupiga simu papo hapo, lakini alimjua Papa Modeste: angetaka kuona kwa macho yake.

Ijumaa alihamisha kigoda chake mpaka karibu na tangi. Saa nane ilipofika jike alikuja, akala, akazunguka kama jana, na safari hii Euphrasie aliona alipoingia. Chini ya ukuta, mvua ilikuwa imechimba upenyo, si mkubwa kuliko ndoo. Upande wa pili kulikuwa na mteremko wa Papa Guy, kiwanja kisichojengwa, kimejaa magugu marefu yenye maua ya njano mpaka karibu na ziwa.

Alizunguka kupitia langoni akabisha kwa Guy. Alimwomba ruhusa ya kuingia kiwanjani, na Guy, akiwa na haraka, alimwambia aingie, lakini asiache kitu kule kwa sababu kesho asubuhi watu sita wanakuja na mapanga kufyeka mteremko wote. Euphrasie alikwenda moja kwa moja. Alishuka akishikilia mashina, hatua kwa hatua, akitazama kila anapoweka mguu.

Alisimama mahali pamoja kwa muda mrefu akipepesa macho, haoni lolote isipokuwa majani makavu na udongo. Kisha moja ya yale majani makavu likafumba jicho na kulifumbua. Jike alikuwa mbele yake, hatua moja tu. Alikuwa amejibana chini katika kishimo alichokwangua kwa miguu, bila kijiti hata kimoja, mgongo wake na ardhi ni kitu kimoja, na kama si ule ukijani wa shingoni angekanyagwa. Pembeni, chini ya bawa, lilitokeza yai la rangi ya maziwa yaliyoganda.

Euphrasie alichuchumaa akalia kidogo, kimya kimya, asimshtue. Kisha akampigia simu Maman Yolande.

"Maman, ndege iko. Haikuibiwa. Iko analalia mayai, chini, kwa Papa Guy. Umulete Papa aone yeye mwenyewe, na akuje pole pole."

Papa Modeste alikuja na viatu vyake vya kazini, akateleza mara mbili, suruali ikajaa matope. Alimfikia Euphrasie akauliza yuko wapi. Alionyeshwa. Akauliza tena. Euphrasie alimshika mkono, akaunyoosha mpaka kidole chake kikaelekea jichoni mwa ndege, na hapo ndipo alipoona. Alichuchumaa taratibu. Maman Yolande, aliyebaki juu, alisikia tu sauti ya mumewe ikiuliza ilikuwaje siku zote hizo alale juu ya mti na wao wasijue anataga. Euphrasie alimweleza kwamba wakati wa kutaga alikuwa akitaga na kuondoka, jioni anapanda mti kama kawaida. Ni pale mayai yalipotimia na kuanza kuyalalia ndipo hakurudi.

"Na mimi nimemufukuza mutu," Papa Modeste alisema.

"Umemufukuza," Euphrasie alijibu. "Lakini leo ni Ijumaa. Jumamosi haijafika."

Papa Modeste hakurudi nyumbani kubadili nguo. Alichukua pikipiki ya kukodi, yeye na Euphrasie, mpaka barabara ilipoishia, kule Cimpunda, kisha akapanda kwa miguu ngazi za udongo katikati ya nyumba za mbao, Euphrasie akitangulia kumwonyesha njia. Mke wa Zagabe, Maman Rosalie, alikuwa mlangoni akimenya viazi. Alimtambua mgeni, akaendelea kumenya. Zagabe alitoka bila kofia, na Euphrasie akaona kwa mara ya kwanza kwamba mzee yule ana mvi kichwa kizima.

"Papa Zagabe," Papa Modeste alisema, "ndege tumemupata, iko na mayai yake. Hakuna mutu aliiba. Nilikuhukumu bila kuuliza vizuri. Nimekuja kukuomba pardon."

Zagabe alitazama yale matope kwenye suruali.

"Asante kwa kuja wewe mwenyewe," alisema. "Pardon nimeipokea. Lakini Papa, ulinifukuza mbele ya watu. Unirudishe mbele ya watu."

Papa Modeste alisema ni haki yake. Maman Rosalie akaweka kisu chini, akaleta kiti.

Hivyo Jumamosi asubuhi, wale watu sita wa mapanga walipofika, walimkuta Papa Modeste langoni pamoja na Zagabe, Guy, na hata yule fundi wa bomba, ambaye alikuwa ameitwa makusudi. Alisema maneno machache kwa sauti ya kusikika: kwamba Papa Zagabe ni mtu mwaminifu, kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba anarudi kazini kwake leo. Guy naye hakujificha. Alisema alichokiona ni gunia, na kilichobaki alikiongeza mwenyewe kwa uchungu wa mbuzi wake. Akamwomba msamaha, kisha akawaambia wafyekaji waache upande ule wote wa mteremko mpaka atakapowaita. Zagabe alivaa kofia yake, akaingia kwenye kibanda chake, akafungua redio.

Mchana ule Euphrasie alikaa naye, wakala ugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga. Alikula kama mtu aliyetoka safari, akaongeza, akaongeza tena. Zagabe alimchotea maji, na alipomkabidhi kikombe wote wawili wakacheka, hawakujua wanacheka nini hasa. Euphrasie aliegemea ukuta wa kibanda. Alisinzia pale pale kwenye kigoda, na hakuna aliyemwamsha.

Wiki tatu zilizofuata aliweka chombo kidogo cha mahindi na maji karibu na kile kishimo, ili mama asiende mbali. Kati ya mayai sita, matano yalianguliwa siku ya ishirini na nane tangu yaanze kulaliwa. Vifaranga walikuwa wa manjano ya udongo, na siku ya pili walikuwa wakimfuata mama yao wakidonoa alichowaonyesha, chungu na vipande vya panzi. Dume halikuja hata kuwachungulia. Euphrasie alimweleza Papa Modeste kwamba yule wa Shabunda asingefanya hivyo, akamsimulia habari za baba yake, za lile gogo, na za shingo nyekundu. Papa Modeste alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amesoma miaka mingi na hakuwahi kujua kwamba nchi yake ina tausi wake yenyewe. Akamwomba amweleze tena, pole pole, ili ayaandike.

Jumapili baada ya misa Maman Rosalie alishuka kutoka Cimpunda, amevaa kitenge kizuri. Hakuwahi kufika Muhumba kumwona mumewe kazini. Alisema hakuja kutembea, amekuja kumwangalia huyo ndege tu. Zagabe akampeleka mpaka nyuma ya jiko, alipokuwa jike akijipumzisha juu ya vumbi, vifaranga wote watano wamejipenyeza chini ya mbawa zake.

Maman Rosalie alisimama, mikono kiunoni, akamtazama toka kishungi mpaka makucha.

"Kumbe iko kadogo hivi," alisema, kisha akaomba apewe kiti.